Saa ya marehemu baba ya kupigia mbizi: niing'arishe au niiache na makovu yake?

Mwana wa Mtongwe

Assalam aleikum ndugu zangu. Nina jambo linalonikaa moyoni, nami naomba ushauri wa wanaozijua saa kuliko mimi, na zaidi wa wale walioijua kazi ya bahari.

Marehemu baba yangu alikuwa mzamiaji bandarini Kilindini kwa takriban miaka 18. Hakuwa mzamiaji wa watalii, bali wa kazi: kukwangua magamba yanayoganda chini ya meli, kufungua kamba zilizojisokota kwenye rafadha, na kusafisha yale matundu ambayo meli huvutia maji ya kupozea mitambo. Miaka yote hiyo alivaa saa moja tu, Seiko SKX007, aliyoinunua kwa baharia mmoja mwaka 1998. Mama alipomaliza eda alitufungulia kifurushi cha vitu vya baba, na katika kugawana mirathi saa ikaniangukia mimi. Ilikuwa imesimama, maana saa ya aina hii haina betri wala haitiwi ufunguo kwa mkono. Hujijaza yenyewe kwa mwendo wa aliyeivaa, na ikiwekwa kando huzimika kabla ya siku mbili kutimia. Nilipoinyanyua kuitazama, akrabu ya sekunde ikashtuka na kuanza kutembea, nami nikairudisha mezani upesi kana kwamba nimeshika kitu cha mtu bila ruhusa.

Nataka muione kama ninavyoiona. Ile pete ya nje inayozungushwa ilikuwa nyeusi; sasa ni ya kijivu mzunguko mzima, na meno yake ya kushikia yamelainika kama kingo za sabuni iliyotumika. Ubavu wa upande wa ufunguo wa kurekebishia majira umejaa mikwaruzo iliyopandana, mipya juu ya ya kale, hata chuma kimekuwa kama kina ukungu, na kati yake kuna mitatu mirefu ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Bizimu ya mkanda wa nailoni imesagika kama iliyopigwa tupa. Upande mmoja umebaki mwembamba mithili ya waya. Lakini kioo, ambacho ningetarajia kiwe ndicho kilichoumia kuliko vyote, hakina mkwaruzo wa kutaja. Sielewi ilikuwaje mwili wa saa ukapigwa namna ile na uso wake ukasalimika.

Fundi mmoja ameniambia kwamba ataifanya mpya kabisa: atapiga chuma msasa na kukisugua mpaka kimetemete, atabadilisha uso, akrabu, pete na kioo, na bei yake naimudu. Dada yangu anaunga mkono. Anasema baba alikuwa mtu nadhifu ambaye hakutoka nyumbani bila kanzu iliyopigwa pasi, na kwamba kuiacha saa yake katika hali ile ni kama kuiacha nyumba yake bila kupakwa chokaa. Siwezi kusema kwamba amekosea.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulieleza. Mimi ni karani katika uwakala wa forodha. Mikono yangu hushika karatasi na kompyuta, na bahari naivuka kwa feri ya Likoni asubuhi na jioni, basi. Hata hivyo, nikiiweka saa hii kando ya saa mpya niliyozawadiwa kazini, jicho langu haliendi kwenye ile mpya hata kidogo. Ni nini hasa kinachovuta moyo katika kitu kilichochakazwa na kazi? Na je, mtu ambaye hajawahi kuzama hata mita 3 ana haki ya kutembea na makovu ya kazi ya mwenziwe mkononi?

Fundi Saa, Mji wa Kale

Waaleikum salaam mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako na amkunjulie kaburi lake.

Nimekaa kwenye meza ya saa tangu nikiwa kijana wa madrasa, na nitakujibu kama ninavyowajibu wanaoniletea saa za namna hii: kovu na kidonda ni vitu viwili. Kovu limeshapona, halimdhuru mwenyewe. Kidonda kinaendelea kula. Kazi ya fundi ni kutibu vidonda, na makovu ayaache kwa mwenye nayo.

Basi anza na vidonda, na usichelewe. Ndani ya saa hiyo kuna mipira mitatu ya kuzuia maji: mmoja chini ya kifuniko cha nyuma, mmoja unaokizunguka kioo, na mwingine mdogo sana ndani ya ufunguo. Mpira hukauka na kukakamaa hata saa ikiwa kabatini, na mpira uliokakamaa haushiki. Ukitaka kujua kama saa inapitisha unyevu, ipashe moto kidogo, kiasi cha joto la maji ya kuogea yaliyo moto kweli, kisha dondosha tone la maji baridi katikati ya kioo, ngoja dakika moja, futa, utazame. Ukiona ukungu kwa ndani, unyevu umeshaingia. Jaribio hili halikubuniwa kibandani kwangu. Limo katika kanuni ya kimataifa ya saa za wazamiaji, ISO 6425, ambayo pia hudai saa ilale saa 24 katika maji ya chumvi, isomeke gizani ikiwa sentimita 25 kutoka kwenye jicho, na ivumilie mgandamizo unaozidi kwa robo ule ulioandikwa usoni pake. Saa ya mita 200, kwa hiyo, imepimwa kwa mgandamizo wa mita 250.

Baada ya mipira, mafuta ya ndani. Mafuta ya saa yakikauka, vyuma husagana vyenyewe kwa vyenyewe, na hapo huwa unaila mashine bila kujua. Mwambie fundi aifungue yote, aioshe, aitie mafuta upya. Mwambie pia aing'oe ile pete ya nje na kusafisha chini yake. Kwenye saa iliyofanya kazi baharini hutoka pale ugoro wa chumvi, jasho na mchanga ulioshikamana kama saruji. Uso ukiwa haujaliwa na unyevu, na akrabu zikiwa hazijaota kutu, visiguswe. Soko limejaa nyuso za bandia za saa hiyo, na anayekubadilishia kwa bei rahisi huenda anakutolea ya asili na kukuwekea ya bandia. Ukimruhusu abadilishe chochote, dai urudishiwe kile kilichotolewa.

Sasa huo msasa. Mwanangu, chuma kikishaondoka hakirudi. Kasha la saa hiyo halikutengenezwa kwa sura moja. Kuna sehemu zilizong'arishwa na sehemu zilizochorwa mistari myembamba, na baina yake kuna ukingo mkali unaozitenganisha. Gurudumu la kusugulia halijui ukingo. Linaupitia na kuuyeyusha, na saa inatoka inametameta, lakini imevimba kama pipi iliyomumunywa. Nimeshaletewa saa kama hizo na watu wanaolia, nami sina la kuwafanyia.

Nakuomba jambo moja. Igeuze utazame mgongo wake. Kiwandani huchorwa wimbi pale. Niambie limebaki kiasi gani, na unitajie tarakimu mbili za mwanzo za ile namba ya mfululizo. Ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi.

Mwana wa Mtongwe

Ahsante sana mzee wangu. Tarakimu ni 7 na 4. Wimbi limefutika karibu lote. Limebaki kama kivuli, na huonekana tu nikiielekeza saa dirishani.

Fundi Saa, Mji wa Kale

Aina hiyo ilitengenezwa kuanzia 1996 hadi 2019, kwa hiyo 7 ingeweza kuwa 1997, 2007 au 2017. Na kwa kuwa mzee aliinunua 1998, yako ni ya Aprili 1997. Na wimbi hilo halikufutwa na chombo chochote. Limefutwa na mkono wa baba yako. Kifuniko cha nyuma hakigusi kitu kingine isipokuwa mkanda na kifundo cha mkono wa mtu, na ili wimbi lilainike hivyo, saa ilivaliwa mchana na usiku. Ukimpa mtu wa msasa kasha hilo, jambo la kwanza atakalolimaliza ni hilo lililobaki.

Mbizi wa Kilindini

Ewe mwana wa mwenzetu, pole kwa msiba. Huenda nilimjua baba yako. Sisi tuliofanya kazi ile hatukuwa wengi. Sitakuuliza jina hadharani. Lakini nimeyasoma maelezo yako mara tatu, na naweza kukueleza kwa nini kioo kimesalimika.

Baba yako aliivaa saa kwa ndani ya kifundo, uso ukielekea upande wa kiganja. Wengi wetu tulifanya hivyo. Maji ya Kilindini si maji ya Kisite wala ya Watamu; ukiwa chini ya meli, mchana wa jua kali, huoni vidole vyako, na kama ni kipindi cha mvua ndefu, matope yanaposhuka kutoka bara, ni usiku mtupu. Unafanya kazi kwa kupapasa. Mkono wa kulia umeshika chuma cha kukwangulia, wa kushoto unashikilia meli, na sehemu inayogongana na magamba ni mgongo wa mkono. Saa ikiwa pale juu, kioo hakimalizi mwezi. Ukiigeuza ndani, bizimu ndiyo inayokwenda juu na kupigwa badala yake. Ndiyo maana ya bizimu yako kusagika. Na ule ubavu wa ufunguo ndio unaoelekea kiganjani. Kila ulipokita kiganja kwenye ubavu wa meli ili usichukuliwe na maji, ubavu huo wa saa ulilala juu ya magamba pamoja na ngozi yako. Mikwaruzo mitatu mirefu siwezi kuapa ilitoka wapi, lakini mimi ningetafuta jibu kwenye ule wavu wa chuma wa matundu ya kuvutia maji.

Hiyo pete nayo ina habari yake. Pete ambayo mtu haitumii hubaki imeelekea upande mmoja, kwa hiyo huchakaa upande mmoja tu. Ya baba yako imechakaa mzunguko mzima. Maana yake ni kwamba aliizungusha kila alipozama, kwa kuwa hakuna siku mbili ambazo dakika ya kuzama ni ile ile. Tulifuata maji, na kujaa na kupwa huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Tulikuwa tukingoja yale maji yanayotulia baina ya kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua utulivu huo ni mfupi mno, na ukipitiliza, mkondo unakuvua kutoka kwenye meli kama jani.

Niwaeleze vijana wasioijua kazi ya pete hiyo, maana siku hizi naiona kwenye mikono ya watu mjini na hakuna anayeigusa. Kabla ya kuzama unaizungusha mpaka pembetatu yake ikabiliane na akrabu ya dakika. Kuanzia hapo, akrabu inapokwenda, pete inakusomea dakika ulizokaa chini bila wewe kupiga hesabu, na hesabu ndiyo kitu cha kwanza kinachomtoka mtu mwenye baridi na uchovu. Imetengenezwa izunguke upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa akrabu. Ikigongwa kwa bahati mbaya, itakuongezea dakika ambazo hujakaa, nawe utapanda mapema kuliko ilivyolazimu. Haiwezi kukupunguzia. Mtu aliyelifikiria jambo hilo nampa heshima yangu mpaka leo, kwani saa inaweza kukosea, lakini hii ilipangiwa ikosee kwa upande wa kuokoa maisha.

Na kwetu sisi dakika zilikuwa na uzito kuliko kwa mzamiaji wa mtungi. Mwenye mtungi hukumbushwa na mtungi wenyewe, hewa inapopungua. Sisi tulivuta hewa kwa mpira mrefu kutoka kwenye kompresa iliyo juu ya boti, na hewa hiyo haiishi. Unaweza kukaa chini asubuhi nzima. Meli kubwa iliyopakia huwa na zaidi ya mita 10 chini ya maji, na kila mita 10 huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Naitrojeni inaingia mwilini polepole, na mtu hahisi kitu mpaka atakapopanda, inapogeuka mapovu na kumshika viungoni. Jedwali la zamani la Jeshi la Majini la Marekani liliruhusu dakika 60 kwa kina cha yapata mita 18, na 25 kwa mita 30, kabla ya mtu kulazimika kusimama njiani akipanda. Jedwali hilo ni karatasi. Anayekuambia kwamba dakika zimekwisha ni hiyo saa.

Wale waliochimbua mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, walifanya kazi hiyo kuanzia 1977 hadi 1980, kabla ya kompyuta za kuzamia kuenea, na maisha yao yalihesabiwa kwa saa za mkononi. Vyombo walivyoviopoa mnaviona kwenye jumba la makumbusho pale ngomeni. Nikienda pale huwa nawafikiria mikono yao.

Kuhusu haki ya kuivaa: baba yako alipoivua kila jioni aliiosha kwa maji baridi ya kunywa kabla ya kuosha uso wake. Nasema hivyo bila hakika kama nilimjua, kwa sababu saa ambayo haikuoshwa isingefika leo pete yake ikiwa bado inazunguka. Alikuwa akiitunza ili idumu. Vaa.

Bint wa Shimanzi

Nimeyasoma maelezo ya Mzee Mbizi kwa heshima zote, na nimejifunza. Naomba, hata hivyo, niseme jambo ambalo naona linapitiwa juu juu.

Ami yangu alifanya kazi hiyo hiyo. Siku moja alipanda juu akilalamika bega, usiku ule goti, na asubuhi mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Waliomwajiri walimpa siku tatu za mapumziko na nauli ya matatu. Leo anatembea kwa mkongojo, na saa yake aliiuza ili alipe hospitali. Saa ile nayo ilikuwa na makovu. Aliyeinunua, kijana wa mjini, aliisifu sana kwa makovu hayo, akamwambia ami kwamba saa iliyochakaa ina roho. Ami hakumjibu.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza kitu kilichochakazwa na kazi kinavuta moyo kwa nini, mimi nataka kwanza tukubaliane kwamba kuna mvuto wa aina mbili. Wapo wanaopenda sura tu. Viwanda vinalijua hilo, na sasa vinauza saa mpya ambazo rangi yake inayong'aa gizani imetiwa umanjano makusudi ili ionekane kana kwamba imepitiwa na miaka 40 ya jua. Hiyo ni sawa na kununua sugu za mikono dukani. Na wapo wanaovutwa kwa sababu kitu hicho hakiwezi kudanganya: hapa palipigwa, hapa palishikwa, hapa mtu alikuwa. Nadhani ndugu yetu wa Mtongwe ni wa aina hii ya pili, kwani angekuwa wa kwanza asingeuliza kama ana haki.

Lakini mikwaruzo haisemi peke yake. Tazameni: mpaka Mzee Mbizi alipoandika, mwenye saa mwenyewe hakujua kwa nini bizimu imesagika na kioo kimebaki kizima. Watu wanaoweza kuisoma saa hiyo wanazidi kupungua kila mwaka. Ndugu yangu, kabla hujaipeleka kwa fundi yeyote, watafute waliozama na baba yako, uwaulize majina ya meli, nani alimshikia kamba, na siku gani alichelewa kupanda, ukayaandike kwenye daftari na daftari lilale pamoja na saa. Waulize pia kama aliumwa. Usiandike yale mazuri tu.

Mbizi wa Kilindini

Binti yangu, umesema kweli na sina cha kuongeza. Mimi mwenyewe sikio la kushoto halisikii. Mpe ami salamu zangu.

Fundi Boti, Mtwapa

Nachangia kidogo kwa upande wa wanaoitumia saa ya namna hiyo hadi leo kwa kazi isiyo ya kuzama.

Natengeneza boti za faiba. Tunachanganya gundi na dawa ya kuigandisha, na tangu dawa inapoingia unakuwa na muda mfupi wa kupaka na kulaza nyuzi kabla haijawa jiwe; kwenye joto la kaskazi, nusu saa haifiki. Mikono yote miwili imejaa gundi, simu huwezi kuitoa mfukoni. Nazungusha pete kwa upande wa mkono, pembetatu kwenye dakika, na nikiona akrabu imefika 15 najua ni wakati wa kumaliza kona na kuacha. Yangu ni Citizen, ina matone ya gundi yaliyoganda ambayo nimekata tamaa kuyatoa, na upande mmoja umekwanguliwa na msasa wa mashine. Wateja wananiuliza kwa nini nisinunue nyingine. Nawajibu kwamba hii naisoma bila kuitazama vizuri, na nyingine itanibidi niizoee.

Kwa huo mkanda wako, usiubadilishe aina. Nailoni ya kipande kimoja inayopita chini ya saa, ile ambayo jeshi la Uingereza liliiwekea kanuni mwaka 1973, ina faida moja inayozidi zote: pini moja ikikatika, saa inabaki inaning'inia kwenye pini ya pili. Mimi imeshanitokea nikiwa nimeinama kwenye kina cha maji ya mkono wa Mtwapa. Nunua mkanda mpya wa aina hiyo hiyo, na hiyo bizimu ya zamani uihamishe kama fundi wa viatu ataweza kuishona.

Mwana wa Mtongwe

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kufanya kwanza, kisha niandike.

Saa nimeifikisha kwa fundi mwingine, si yule wa msasa. Imefunguliwa, imeoshwa, mipira mitatu yote ni mipya, na imepimwa mgandamizo mbele yangu. Uso na akrabu havikuguswa. Chini ya pete kulitoka huo ugoro alioutaja mzee, mweusi, mgumu, na ndani yake kipande cha gamba kidogo kuliko punje ya mchele. Fundi alitaka kukipangusa pamoja na uchafu mwingine; nikamzuia. Nimekitia kwenye kichupa cha dawa, na kipo.

Dada yangu nilimsomea maelezo yote, na nilipofika kwenye habari ya wimbi lililofutwa na mkono wa baba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniomba aishike. Amekubali saa ibaki ilivyo. Bizimu imeshonwa kwenye mkanda mpya.

Wazee wawili waliozama na baba nimewapata, mmoja Mtongwe kwetu na mwingine Changamwe. Daftari lina kurasa 11 sasa. Bint wa Shimanzi, niliuliza uliloniambia niulize. Mwaka 2009 baba alikaa siku nne bila kuweza kuinua mkono wa kulia, na nyumbani alituambia ameanguka ngazini. Nilikuwa na miaka 14. Nakumbuka kwamba nilimkatia nyama kwenye sahani wiki ile, na sikujua ninachokifanya.

Kuna jambo moja la mwisho, na namwandikia hasa Mzee Mbizi. Baba alikuwa na namna ya kutazama saa ambayo sisi watoto tuliizoea bila kuiuliza. Alikuwa anageuza kiganja juu, mkono ukiwa umefunguka mbele ya kifua, kama mtu anayeanza dua, kisha anainamisha kichwa kidogo. Hata Ijumaa akiwa na kanzu, hata kitandani hospitali siku za mwisho, muuguzi alipomwambia ni saa ya dawa. Nilidhani siku zote kwamba ni tabia yake ya upole.

Leo asubuhi kwenye feri nimeivaa kwa ndani, uso ukielekea kiganjani. Mtu aliyesimama kando yangu aliniuliza saa ngapi, nami nikageuza mkono.